Kazi Hii Imeingia Milki ya Umma? Mwongozo Kamili wa Kukokotoa Muda wa Hakimiliki

Shaaban Robert alifariki mwezi Juni 1962. Mtu akitaka kuchapisha upya kitabu chake cha Kusadikika, ambacho kampuni ya Nelson ya London ilikitoa mwaka 1951, atapata majibu matatu kulingana na mahali alipo. Akiwa Tanga, muda wa hakimiliki umekwisha zamani. Akiwa London, haukwishi hadi mwisho wa 2032. Akiwa Chicago, haukwishi hadi mwisho wa 2046. Majibu yote matatu ni sahihi, na yote yanatokana na taarifa zilezile chache: mtunzi ni nani, alifariki lini, kazi ilitolewa wapi kwa mara ya kwanza, na inakwenda kutumika wapi.

Mwongozo huu unamwonesha mwalimu, mkutubi, mchapishaji mdogo, mtangazaji au mwenye maktaba ya kidijitali namna ya kufikia majibu ya aina hiyo yeye mwenyewe. Kutojua hesabu hii kunatuletea hasara mbili zinazoniuma kwa kiasi kilekile. Ya kwanza ni kwamba vitabu na nyimbo ambazo ni halali yetu sote zinaachwa zikaliwa na mchwa kwa sababu watu wanaogopa kuzigusa. Ya pili ni kwamba kazi za wasanii ambao wajane na watoto wao bado wana haki ya kupata kitu zinachukuliwa bure, kwa maelezo kwamba ni za zamani na mwenyewe amekwisha kufariki. Ukongwe wa kazi si kipimo. Kukosekana kwa kitabu madukani si kipimo, na nakala yake kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp pia si kipimo. Kipimo ni muda uliowekwa na sheria: ukikwisha, kazi inaingia milki ya umma, yaani inakuwa huru kutumiwa na mtu yeyote bila kuomba ruhusa.

Muda huo unaanza kazi inapotungwa na kuwekwa katika umbo linaloshikika, yaani inapoandikwa, kurekodiwa au kuchorwa. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, ulinzi hautegemei usajili. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kazi fulani ni huru kwa sababu haikuwahi kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, au KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Usajili ni ushahidi mzuri panapotokea mgogoro, lakini si usajili unaozaa haki, wala si usajili unaopanga siku ya haki hiyo kwisha.

Hatua ya kwanza: Orodhesha kazi zote zilizomo ndani ya hiyo moja

Makosa mengi yanafanyika hapa, kabla hata hesabu haijaanza. Kitabu kimoja au wimbo mmoja kwa kawaida umebeba kazi kadhaa za watu mbalimbali, na kila moja ina muda wake.

Chukua tamthilia za Shakespeare zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na Mwalimu Julius Nyerere. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na hakuna anayeweza kukuzuia kuzitafsiri upya, kuziigiza kwa Kiingereza au kuzigeuza kuwa igizo la redio. Lakini tafsiri ni kazi inayojitegemea, na mwenye haki juu yake ni mfasiri. Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, kwa hiyo kwa hesabu ya Tanzania tafsiri zake zinalindwa hadi tarehe 31 Desemba 2049. Shule inayotoa nakala za tafsiri hiyo kwa ajili ya kuuza haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba mwandishi wa Kiingereza alikufa miaka mia nne iliyopita.

Mfano wa pili unatoka Bagamoyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari alifariki mwaka 1927, na Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kuhariri maandishi yake, alifariki mwaka 1935. Desturi za Wasuaheli, iliyochapishwa Göttingen mwaka 1903, imekwisha kuwa huru nchini Ujerumani, huku kwetu, na hata Marekani. Lakini tafsiri ya Kiingereza yenye maelezo mengi, iliyotolewa California mwaka 1981, bado inalindwa. Anayetaka kuitumia kazi ya Mtoro bila kuomba ruhusa anapaswa kurudi kwenye Kiswahili chake cha mwaka 1903, na kwa hakika hapo ndipo penye utamu wenyewe.

Kwa kitabu chochote, basi, chukua karatasi na uandike kila mchango kwenye mstari wake: matini yenyewe, tafsiri, dibaji, maelezo ya mhariri, michoro, picha ya jalada. Kwa wimbo, andika maneno, muziki, na rekodi yenyewe. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ni huru nchini Kenya na Tanzania. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kunakili tafsiri na ufafanuzi wa Kiingereza uliotolewa Nairobi mwaka 1979.

Usisahau pia mpangilio wa kurasa. Nchini Uingereza, mchapishaji ana haki juu ya mwonekano wa kurasa zake kwa miaka 25 tangu toleo lilipotoka, hata kama maneno yaliyomo yamekwisha kuwa huru. Ndiyo maana wanaojua kazi hii wanapendelea kupiga picha toleo la zamani kuliko lile la juzi.

Hatua ya pili: Tafuta mwaka wa kifo cha kila mchangiaji

Kwa kazi nyingi, hesabu nzima inasimama juu ya mwaka mmoja tu, ule aliofariki mtunzi. Tarehe na mwezi havina uzito, kwa sababu muda unahesabiwa hadi mwisho wa mwaka wa kalenda.

Mwaka huo huweza kupatikana kwenye faharasa za maktaba kubwa, ambazo huandika mwaka wa kuzaliwa na wa kufa kando ya jina la mtunzi. Unaweza pia kuupata kwenye utangulizi wa matoleo yaliyotoka baadaye, kwenye magazeti ya wakati wa msiba, na kwa familia yenyewe. Kwa watunzi wa pwani, familia mara nyingi ndiyo chanzo bora kuliko vyote, na kuiendea kuna faida ya ziada: ikiwa muda haujakwisha, umekwisha kuwafahamu watu wa kuwaomba ruhusa.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini. Tarehe za vifo vya masheikh na washairi wengi zimeandikwa kwa mwaka wa Hijria, iwe kwenye kaburi au kwenye mswada. Mwaka mmoja wa Hijria huangukia katika miaka miwili ya Miladi. Mwaka 1402, kwa mfano, ulianza mwishoni mwa Oktoba 1981 na kwisha katikati ya Oktoba 1982. Usipojua mwezi, unaweza kukosea kwa mwaka mzima, na hakimiliki ikawa imebakiza miezi kumi na miwili ambayo wewe hukuihesabu. Ukiwa na shaka, chukua mwaka ulio mbele zaidi.

Ikiwa watu wawili au zaidi walitunga kazi kwa pamoja kiasi kwamba michango yao haitenganishiki, unahesabu kuanzia kifo cha yule aliyefariki mwisho. Kanuni hii inagusa sana muziki wa dansi na taarabu, ambako maneno yalitungwa na mmoja, sauti zikapangwa na mwingine, na jina lililobaki kwenye lebo ya santuri likawa la mwimbaji au la bendi. Usiamini lebo peke yake.

Ikiwa mtunzi hajulikani kabisa, au alitumia lakabu ambayo haikufumbuliwa, sheria ya Tanzania inahesabu miaka 50 tangu kazi ilipotolewa kwa umma. Jina likijulikana kabla muda huo haujapita, hesabu inarudi kwenye kifo cha mtunzi. Washairi wetu walioandika magazetini kwa majina ya kujipachika wanaingia hapa, lakini wengi wao wanajulikana vizuri kwa wazee wa mji, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kusema kwamba mtunzi hajulikani.

Hatua ya tatu: Piga hesabu kwa sheria ya nchi unayoitumia kazi

Mkataba wa Berne unazitaka nchi wanachama kulinda kazi za fasihi na sanaa kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hicho ni kima cha chini, na nchi inaweza kukipita. Tanzania Bara, kupitia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, imebaki kwenye miaka 50. Zanzibar, yenye sheria yake ya mwaka 2003, iko hapohapo. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2001, vilevile, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imeshika miaka hiyohiyo 50 katika sheria yake ya mwaka 1986. Kabla ya kutegemea namba yoyote, hakikisha kwamba unasoma sheria pamoja na marekebisho yake ya karibuni, kwa sababu mabunge hubadili mambo haya.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua mwaka wa kifo, ongeza 50, na ulinzi unakwisha tarehe 31 Desemba ya mwaka unaopatikana. Kazi inaingia milki ya umma siku inayofuata, Januari mosi. Kwa Shaaban Robert, 1962 na 50 ni 2012, kwa hiyo tangu tarehe 1 Januari 2013, si tangu Juni 2012, hesabu hii inaziweka huru nchini Tanzania kazi alizozitunga peke yake. Kwa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, tungo alizozitunga peke yake zitalindwa hadi tarehe 31 Desemba 2029. Aliyefariki mwanzoni mwa Januari na aliyefariki siku ya mwisho ya Desemba ya mwaka uleule wanatoka kwenye ulinzi siku moja.

Si kila kazi inahesabiwa kwa kifo. Filamu, kwa Tanzania na Kenya, inalindwa kwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa, na inachukuliwa tarehe iliyo ya mwisho kati ya hizo. Sheria ya Kenya inaziweka picha za kamera katika kundi hilohilo. Kwa hiyo picha iliyopigwa Mombasa mwaka 1955 na kuchapishwa mwaka huohuo ilikuwa huru nchini Kenya ulipoanza mwaka 2006, hata kama mpigapicha yuko hai. Picha ya mwaka 1955 iliyokaa sandukuni na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990 inahesabiwa kuanzia 1990.

Hatua ya nne: Ikiwa ni muziki, fanya hesabu mbili

Rekodi ya sauti ni mali inayojitegemea mbali na wimbo uliorekodiwa. Sheria ya Kenya inailinda rekodi kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Tuseme wimbo wa Mbaraka Mwinshehe ulirekodiwa Nairobi mwaka 1972. Haki juu ya rekodi hiyo nchini Kenya ilifika mwisho wake tarehe 31 Desemba 2022, lakini maneno na muziki wake, kama tulivyoona, havijafika hadi mwisho wa 2029. Anayeuweka wimbo huo kwenye tangazo la biashara mwaka 2026 hana deni kwa mwenye rekodi, ila anadaiwa na warithi wa mtunzi. Nimeona watu wakishika nusu moja ya hesabu hii na kuiacha nusu ya pili, na nusu inayoachwa karibu kila mara ni ile ya familia.

Ukivuka kwenda Marekani mambo yanabadilika kabisa. Rekodi zote zilizofanywa kabla ya tarehe 15 Februari 1972, za Kimarekani na za kigeni, zilipangiwa muda mpya na sheria ya mwaka 2018. Zilizotolewa kabla ya 1923 ziliingia milki ya umma tarehe 1 Januari 2022. Zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 zinapata miaka 100, za kati ya 1947 na 1956 zinapata miaka 110, na zilizobaki zote hadi Februari 1972 zinalindwa mpaka tarehe 15 Februari 2067.

Tazama linavyomgusa Siti binti Saad. Alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akafungua njia ya muziki wa Kiswahili kwenye gramafoni, na alifariki Julai 1950. Kwa hesabu ya miaka 50, santuri za mwaka 1928 zimekwisha kuwa huru Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na haki ya Siti kama mtunzi ilikwisha mwishoni mwa mwaka 2000, ingawa nyimbo alizotungiwa na wengine zinataka hesabu ya hao wengine. Marekani, rekodi zilezile, ikiwa zilitolewa mwaka huohuo wa 1928, hazitakuwa huru hadi tarehe 1 Januari 2029. Rekodi ya bendi ya Morogoro ya mwaka 1970, ambayo haki yake Kenya ilikwisha mwishoni mwa 2020, itafungwa Marekani hadi 2067. Kwa kuwa majukwaa makubwa ya video na muziki ni ya kampuni za Kimarekani, sauti iliyo huru Dar es Salaam inaweza kuondolewa mtandaoni kwa madai halali ya kule.

Hatua ya tano: Vuka mpaka kwa uangalifu

Kanuni ya jumla ni kwamba muda unapangwa na sheria ya nchi ambako kazi inatumika. Mkataba wa Berne unaongeza kwamba nchi haipaswi kuilinda kazi ya kigeni kwa muda mrefu kuliko nchi yake ya asili inavyoilinda, isipokuwa sheria yake imesema vinginevyo. Nchi za Umoja wa Ulaya, ambazo kwa jumla zinalinda kwa maisha na miaka 70, huifuata kanuni hiyo kwa kazi za waandishi wasio raia wao zilizotoka nje ya Umoja. Kazi ya Mtanzania iliyochapishwa kwanza Dar es Salaam, basi, haipati miaka 70 jijini Paris. Inakoma ilipokoma nyumbani.

Lakini nchi ya asili ya kitabu kilichochapishwa ni pale kilipotoka kwanza, si alikozaliwa mwandishi, na hapa ndipo historia yetu ya uchapishaji inapoingia moja kwa moja kwenye hesabu. Katika miaka ya ukoloni, vitabu vingi vya Kiswahili vilichapwa kwanza London au Johannesburg kwa sababu huko ndiko walikokuwa wachapishaji. Kusadikika kilitoka London, kwa hiyo mbele ya sheria ya Uingereza ni kitabu cha Uingereza, na kinalindwa huko kwa miaka 70 kamili baada ya 1962, hadi tarehe 31 Desemba 2032. Diwani au insha za mwandishi huyohuyo zilizotoka kwanza Afrika Kusini, nchi inayofuata miaka 50, zinaweza kuwa na jibu jingine. Hilo ni jambo la kusikitisha: riwaya ya mwana wa Tanga iko huru Tanga, na imefungwa katika mji ambao ulikuwa na mashine ya kuichapa. Ndiyo sababu ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, unaotaja mchapishaji, mji na mwaka wa toleo la kwanza, una thamani kubwa kuliko jalada. Kitabu chenye tarehe ya 1967 kinaweza kuwa chapa ya tatu ya kitabu cha 1952, na aliyetazama tarehe moja tu amekosea nchi na mwaka kwa pamoja.

Marekani haiifuati kanuni ya kulinganisha muda. Kwa vitabu vilivyochapishwa kabla ya 1978, inahesabu miaka 95 tangu mwaka wa kuchapishwa bila kujali kifo cha mtunzi. Vilivyotoka mwaka 1929 viliingia milki ya umma huko tarehe 1 Januari 2025, na kila Januari mosi mwaka mmoja mwingine unafuata. Vitabu vya Kimarekani vilivyotoka kabla ya 1964 bila hakimiliki yake kuhuishwa katika mwaka wa 28 vilitoka kwenye ulinzi mapema zaidi. Vitabu vya kigeni viliangaliwa kwa namna nyingine: vile ambavyo tarehe 1 Januari 1996 vilikuwa bado vinalindwa katika nchi yao ya asili, na nchi hiyo ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa Berne au wa Shirika la Biashara Duniani, vilirudishiwa ulinzi ambao huenda vilikuwa vimeupoteza Marekani. Kusadikika kilikuwa bado kinalindwa Uingereza siku hiyo, na 1951 ukiongeza 95 unapata 2046. Kwa kazi zilizotungwa kuanzia 1978, Marekani inahesabu maisha na miaka 70, na kwa kazi zilizofanywa na mwajiriwa kwa ajili ya mwajiri wake, miaka 95 tangu kuchapishwa au 120 tangu kutungwa, ule unaofika kwanza.

Oman, kwa amri ya mwaka 2008, imeweka maisha na miaka 70. Waswahili wa Muscat wanaosoma tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wanapaswa kulijua hilo. Maneno matukufu ya Kiarabu hayana mwenye hakimiliki, lakini tafsiri ni kazi ya Sheikh, na alifariki Novemba 1982. Kwa hesabu ya Kenya, ambako tafsiri hiyo ilichapishwa Nairobi mwaka 1969, ulinzi unafika tarehe 31 Desemba 2032. Taasisi ya Muscat isiitegemee tarehe ya Nairobi kabla ya kuthibitisha sheria ya Oman inavyoziangalia kazi za kigeni, kwa sababu miaka 70 kamili ingefika mwisho wa 2052.

Ujue pia kwamba kazi iliyokwisha kuwa huru inaweza kurudishwa chini ya ulinzi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilizokuwa na miaka 50 zilipopanda hadi 70 katikati ya miaka ya 1990, waandishi waliofariki kati ya 1925 na 1945, ambao Uingereza ilikuwa imekwisha kuwaachia, walirudi kwenye hakimiliki. Kwa sababu hiyo, orodha ya kazi huru uliyoirithi kwa mtu aliyekutangulia kazini haitoshi. Irudie kwa sheria ya sasa.

Kwa tovuti inayoonekana kila mahali, busara ni kukagua nchi tatu: unakoishi, kazi ilikotoka, na kompyuta inayohifadhi tovuti yako iliko. Hazina ya picha na sauti ya Wikimedia hudai kwamba kazi iwe huru Marekani na katika nchi yake ya asili, na hicho ni kipimo kizuri kwa yeyote anayeanzisha maktaba ya mtandaoni.

Hatua ya sita: Tenga yale yanayofuata utaratibu mwingine

Maandishi ya sheria, hukumu za mahakama na tafsiri zake rasmi hayana hakimiliki Tanzania tangu siku ya kwanza. Habari za kila siku, kama taarifa tupu za matukio, hazina pia, ingawa makala yenye ufundi wa mwandishi inayo.

Ngano, nyimbo za jandoni, misemo na ngoma za jamii haziendi kwa hesabu ya kifo kwa kuwa hazina mtunzi mmoja. Sheria ya Tanzania ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na Kenya ilipitisha sheria mahsusi ya maarifa na semi za kijadi mwaka 2016. Usichukulie kwamba ngano ya bibi ni milki ya umma kwa maana ya mwongozo huu, hasa unapoifanyia biashara. Tofautisha pia ngano yenyewe na maandishi ya aliyeikusanya: hadithi za Unguja alizozikusanya Askofu Edward Steere zilichapishwa mwaka 1870, naye alifariki mwaka 1882, kwa hiyo maandishi yake ni huru, tofauti na mkusanyiko wa ngano zilezile uliotoka miaka kumi iliyopita.

Miswada ya kale inahitaji uangalifu wa namna yake. Kumiliki karatasi si kumiliki hakimiliki, iwe karatasi iko kwenye kabati la familia Lamu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au chuo cha SOAS mjini London. Utenzi wa mtu aliyefariki karne ya 19 ni huru kwa hesabu yetu ya miaka 50. Nchini Uingereza, maandishi ambayo mtunzi wake alikwisha kufariki na ambayo yalikuwa hayajachapishwa hadi tarehe 1 Agosti 1989 yanaweza kulindwa hadi mwisho wa 2039, hata mtunzi awe alikufa karne mbili kabla. Katika Umoja wa Ulaya, anayekuwa wa kwanza kuchapisha maandishi yaliyokwisha kupita muda wake bila kuchapishwa hupata haki yake mwenyewe ya miaka 25. Kabla ya kusambaza mswada uliopigwa picha Ulaya, soma pia masharti uliyoyatia sahihi ulipoomba picha hizo, maana mkataba unaweza kukubana mahali ambapo hakimiliki imekwisha.

Hatua ya saba: Andika hesabu yako na uihifadhi

Kwa kila kazi, fungua ukurasa mmoja wa kumbukumbu. Andika jina la kila mchangiaji, mwaka wa kifo na ulikoupata, mahali na mwaka wa toleo la kwanza, sheria uliyoitumia, hesabu yenyewe, na tarehe uliyoifanya. Ambatisha picha ya ukurasa wa taarifa za uchapishaji. Mtu akija na madai miaka mitano baadaye, ukurasa huo ndio utakaoonesha kwamba ulitenda kwa nia njema na kwa umakini, na ikiwa ulikosea, utaonesha ulipokosea.

Unapoichapisha kazi, taja mtunzi kwa jina lake kamili na toleo ulilolitumia, na eleza wazi uliyobadilisha, kama vile tahajia. Muda wa hakimiliki ukwishe au usikwishe, kazi ya Mtoro ni ya Mtoro. Nchini Kenya, angalia pia kama kuna ada iliyowekwa, kwa kuwa sheria ya huko inaruhusu kuwekwa ada kwa matumizi ya kazi zilizo katika milki ya umma. Mahali pa kuuliza ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na kwa Tanzania Bara ni Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, huku Zanzibar ikiwa na ofisi yake.

Ikiwa hesabu imeonesha kwamba muda haujakwisha, andika barua kwa mchapishaji na kwa warithi pia, kwa sababu mikataba ya zamani ilikuwa na ukomo, na si ajabu ukakuta kwamba haki ilikwisha kurudi kwa familia bila wao kujua. Eleza kazi gani unaitaka, nakala ngapi, kwa muda gani, kwa nchi zipi, na utalipa nini. Ukikosa jibu, ukimya si ruhusa. Weka tarehe ya Januari mosi inayohusika kwenye ukurasa wako wa kumbukumbu, na wakati ukiisubiri, tafuta na kuhifadhi nakala bora ya toleo la kwanza, kwa sababu vitabu vingi vya Kiswahili vya miaka ya 1950 vimebaki nakala chache sana, na kazi inaweza kuwa huru kisheria siku ambayo haipatikani tena popote.